Nilivyomshika Baba Mkwe kutoka Mgombani hadi Usa River

Tangu nirudi Olasiti sijaweza kwenda kununua chumvi bila mtu kunisimamisha. Mama Junior anataka kujua damu ilikuwa kiasi gani. Dada wa saluni anataka kujua kama ni kweli nilimpakata baba mkwe wangu mbele za watu. Mwingine amesikia kwamba tulizalisha mtu ndani ya gari la kwaya. Nimeona niandike mara moja mpeane wenyewe, maana nikisimulia kwa mdomo najikuta kila siku naongeza kidogo, na hili si jambo la kuongeza. Shule niliishia darasa la saba. Mkiona nimepotea mahali, nivumilieni, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Kwanza mjue kwamba mimi si nesi. Wakati nilipokuwa nafanya kazi kwenye shamba la maua, waliletwa watu wa kufundisha huduma ya kwanza, na kila banda likatoa mmoja. Banda letu lilimchagua Happy, lakini siku ile Happy aliumwa jino, ndipo nikaingia mimi. Tulifundishwa kubonyeza kifua cha mtu asiyepumua, kumtoa mtu kitu kilichomkaba kooni, na kuzuia damu. Mdoli wa kufundishia alikuwa kichwa na kifua tu, miguu hakuwa nayo. Kwa hiyo kifua cha plastiki nilikibonyeza sana, ila paja la mtu sikuwahi kulishika kwa mafunzo. Nilikuwa sina uhakika siku ile, na mengine mpaka leo sina uhakika.

Kutoka Olasiti kwenda ukweni

Safari ya kupanda haina masimulizi. Nilitoka asubuhi, nikabadilisha gari mjini, nikashuka Usa River, na bodaboda akanipandisha mpaka pale njia inapoanza kuwa ya utelezi akasema yeye mwisho wake ni hapo. Nikamalizia kwa miguu. Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa, nami nilikuwa nakwenda kusaidia kuchuma.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko Tengeru, kwa hiyo Mama mkwe alikuwa ameshashuka na ndizi zake. Mume wangu Godlisten alikuwa na lori njia ya Singida, na simu yake haikupatikana. Nyumbani nilimkuta Shangazi Naeli, dada mkubwa wa baba mkwe, anachambua maharage. Akanipa loshoro la jana, yale mahindi na maziwa ya mgando, la baridi na chachu nzuri. Nikala nimesimama, na Shangazi akanisema kwa kula nimesimama.

Hapa lazima niwaeleze desturi, bila hiyo hamtaelewa yaliyofuata. Sisemi Wameru wote, nasema ukoo huu nilioolewa. Mkwe wa kike na baba mkwe hawagusani. Mimi nimetoka Machame, na kwetu pia kuna heshima, lakini hapa ni zaidi. Tangu niolewe sikuwahi kumpa Baba mkono. Namwamkia shikamoo nikiwa mbali kidogo, naye anaitika marahaba akiwa anaangalia ng'ombe wake. Chai naiweka mezani, nageuka. Mgeni anaweza kudhani tumegombana, na wala hatujagombana. Nimeizoea, hata naipenda, maana mzee anayekuheshimu hivyo hawezi kuja kuingilia mambo ya nyumba yako.

Jina lake ni Mzee Elisaria. Siku ile alikuwa mgombani, anakata vigogo vya migomba vya kulisha ng'ombe.

Kutoka mgombani kwenda kituo cha maziwa

Mnajua utomvu wa mgomba unavyoteleza. Panga lilipita kwenye kigogo kuliko alivyotegemea, likamwingia paja kwa ndani, juu sana ya goti. Hakupiga kelele. Alimwita dada yake kwa jina, mara moja, sauti ya kawaida kabisa, na Shangazi akaniambia, "Huyo ameumia." Mimi nisingejua.

Tulimkuta amekaa kwenye majani makavu, ameshika paja kwa mikono yote miwili, na damu inapita katikati ya vidole. Nilivua kilemba changu, nikakikunja, nikasogea. Halafu nikasimama. Niwaambie kweli, nilisimama. Akili ilikuwa inasema bonyeza, na miguu inasema huyo ni baba mkwe, na hapo ni pajani. Basi nikampa Shangazi kilemba, nikamwambia, Baba alale chali kwanza, wewe bonyeza hapa kwa nguvu zako zote.

Shangazi akapiga magoti, akabonyeza. Nguvu anazo, amebeba mikungu maisha yake yote. Ila hakumaliza hata dakika, akainua kile kitambaa aone kama damu imekatika. Damu ikaruka. Nikamwambia asiinue. Akabonyeza tena, akainua tena kidogo kwenye pembe, ikaruka tena. Simlaumu. Mtu akiwa na kidonda cha ndugu yake mkononi, ni lazima macho yatake kuona. Na kwetu huku mgonjwa ni wa kuonwa. Ukija kutoa pole bila kuona kidonda ni kama hukuja. Baadaye akainuka mwenyewe, akasema anakwenda kuleta unga wa kahawa wa kumwagia, maana ndivyo mama yao alivyofanya.

Alipoondoka, pale chini tulibaki wawili, na damu. Baba alikuwa ameanza kuwa na rangi ya majivu midomoni. Nikaweka kitenge changu cha mabegani juu ya kile kilemba, bila kukitoa cha kwanza, nikaweka viganja vyangu viwili kimoja juu ya kingine, nikanyoosha mikono, nikaegemea kwa uzito wote. Baba alifumba macho. Sidhani yalikuwa maumivu tu.

Shangazi alirudi na bati la kahawa, akanikuta hivyo.

"Mkwe, ondoka hapo," akasema.

"Shangazi, nikiondoka inatoka."

"Kwani mimi sina mikono?"

"Unayo, Shangazi. Ila unachungulia."

Hayo si maneno ya kumwambia shangazi wa mume. Nilijua yakiwa bado mdomoni. Akaanza kusema na kaka yake kwa Kimeru, haraka haraka. Kimeru na Kimachame ni ndugu, kwa hiyo nilielewa nusu, na nusu niliyoielewa ilinitosha. Lakini niwe wa haki: alipomaliza kusema, alivua khanga yake kubwa, akaitupa juu ya mikono yangu na paja la kaka yake, akaichomeka pande zote mpaka haikuonekana ngozi wala kidole.

"Basi hakuna aliyeona," akasema. Na kahawa yake akairudisha.

Majirani wawili walikuja. Mmoja, Elia, aling'oa mlango wa banda la ndama, tukamlaza Baba juu yake. Wao wakabeba, mimi nikatembea ubavuni nimeinama kama mtu anayetafuta sindano, mikono chini ya khanga. Njia ni ya mteremko na ilikuwa imenyesha. Nilianguka goti mara mbili tatu hivi. Mikono haikutoka. Nilikuwa nasali na wakati huohuo najiuliza kama yule mwalimu alisema bonyeza tu, au alisema funga juu ya kidonda. Nilikumbuka vyote viwili. Mwisho nikajiambia: kufunga ni pale kubonyeza kunaposhindwa, na hapa damu imepungua, basi endelea na hiki unachokijua.

Kwenye pikapu ya maziwa

Barabarani, kwenye kituo cha maziwa, gari lililokuwepo ni pikapu inayokusanya maziwa. Dereva wake anaitwa Baraka, kijana mpole mwenye haraka. Akahamisha keni za maziwa upande mmoja, mlango wetu ukaingia kati. Shangazi akapanda mbele, akashuka, akapanda nyuma na sisi. Alisema mbele hawezi kuona.

Shida ya gari la maziwa ni kwamba kila penye wanawake na ndoo zao limezoea kusimama. Baraka alisema hatasimama, na kweli alikusudia. Lakini wale wanawake wanasimama katikati ya barabara, na ukimwambia mtu una mgonjwa, ndiyo kwanza unamwita. Wanataka kujua ni nani, ni wa nani, ameumiaje. Halafu wanasema "tuone". Shangazi Naeli, ambaye kule mgombani alikuwa anachungulia kuliko wote, sasa akawa mlinzi wa khanga. Aliwagonga watu mikono. Mama mmoja akamwambia, "Naeli, unamficha kaka yako kama dhahabu?" Naye akajibu kwamba dhahabu hata haivuji.

Kituo kimojawapo alikuja mzee mmoja, rika la Baba, na koti refu. Akampa Baba pole, halafu akaninyooshea mimi mkono, kwa heshima kabisa. Nami mikono sikuweza kuitoa. Nikainamisha kichwa nikasema shikamoo Baba. Mkono wake ukabaki hewani. Nikaona uso wake unabadilika, anajiuliza huyu mke wa kijana wa Elisaria amelelewa wapi. Ningependa kumweleza, ila nilivyokuwa nimebana meno, maneno mengi hayakutoka. Shangazi akamwambia jambo kwa Kimeru. Mzee akatazama khanga, akatazama mabega yangu yanavyotetemeka, kisha akavua lile koti akamfunika Baba kifuani, maana alikuwa anatetemeka kwa baridi na jua lipo. Alirudi kwenye ndoo yake.

Palepale mama mwingine akaja na kibuyu cha mgando, anataka kumnywesha Baba apate nguvu. Nikakataa. Walitufundisha mtu anayekwenda kushonwa asipewe kitu mdomoni, na aliyelegea anaweza kupaliwa. Yule mama akaona nina roho mbaya, na ningekuwa yeye ningeona hivyohivyo. Nikamwambia mama, nisamehe, yeye hapana, lakini mimi nina kiu. Akacheka, akapanda kwenye tairi, akaniwekea kibuyu mdomoni kama mtoto. Mengine yalinimwagikia shingoni. Sijawahi kunywa maziwa matamu hivyo, na sisemi kwa kuongeza.

Darajani

Kuna kijidaraja kabla hujafika chini. Tulikuta lori la mchanga limekaa juu yake, tairi la nyuma limezama pembeni. Upande wa pili ilikuwepo Kosta ya kwaya, inapanda kwenda harusini, nayo imekwama. Baraka akazima gari. Akashuka kuangalia, akarudi akasema kwa sauti ndogo kwamba hapa si pa leo.

Gari lilipozimwa palikuwa kimya, ndipo Baba akazungumza. Alikuwa anaangalia juu.

"Mkwe, toa mkono."

"Baba, siwezi."

"Dada yangu yupo. Ashike yeye."

"Shangazi amechoka, Baba." Haikuwa kweli sana, na Shangazi akaniachia uongo huo.

"Watu wote wa barabara hii wananijua," akasema. "Afadhali nife na heshima yangu. Toa mkono, nakuamuru."

Jamani, mimi si mtu wa kubishana na wazee. Kwetu nyumbani nilikuwa yule anayekubali. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, mgongo unawaka, na aliyekuwa ananiamuru ndiye mwenye mwili na ndiye mwenye ukoo. Nikajiuliza, mimi ni nani? Mtu aliyefunzwa kwa sababu mwingine aliumwa jino. Lakini kwenye viganja, chini ya vile vitambaa, nilikuwa naisikia damu yake inasukuma, inagonga, inataka kutoka. Niliisikia kama mtu anagonga mlango kutoka ndani.

"Baba," nikasema, "heshima yako nitakuomba msamaha maisha yangu yote. Ila mkono sitoi."

Baba akafanya jambo ambalo hatukulitegemea: akajiinua akae. Nadhani aliona ile kwaya inashuka kwenye Kosta, imevaa sare, na hakutaka wamkute amelala mbele ya mkwewe. Akakaa sekunde chache, mgongo umenyooka kabisa, kama yuko kwenye kikao. Halafu macho yakageuka na akaanguka nyuma.

Shangazi akaliita jina lake. Kijana mmoja wa kwaya, mwenye sauti nzito, akaruka ndani ya pikapu, akapiga magoti, akaweka viganja katikati ya kifua cha Baba na kuanza kubonyeza. Alikuwa ameona kwenye simu. Na niwaambie, mikono aliiweka mahali sahihi kuliko nilivyoiweka mimi kwenye mdoli siku ya kwanza. Kosa lake ni moja tu, hakuangalia kwanza kama mtu anapumua.

"Subiri kaka," nikamwambia. "Mwite kwanza. Angalia kifua."

Akaacha kubonyeza, akapiga bega la Baba, akamwita. Sote tukatazama lile koti la mzee wa maziwa. Likapanda. Likashuka. Likapanda.

"Anapumua," akasema, na jasho limemtoka.

"Basi kifua kiache. Kile ni cha asiyepumua. Huyu muinulie miguu."

Akasogeza keni ya maziwa iliyolala, tukapandisha miguu juu yake, nami mikono palepale. Kule kukaa kulifanya damu itoke tena, khanga ikaanza kulowa, nikaomba nguo nyingine juu ya zile. Kijana akavua joho lake la kwaya bila kufikiri. Nikaegemea kwa nguvu mpya ambayo sijui ilitoka wapi. Damu ikatulia. Baada ya muda Baba akafumbua macho.

Hapo mwalimu wa kwaya, mama mmoja mfupi, akaamua mambo. Akasema harusi itasubiri, bibi harusi hakimbii. Wavulana wabebe mlango wavuke kwa miguu pembeni ya lori, Kosta igeuze impeleke mgonjwa. Wakabeba. Sasa kwaya ikibeba kitu kwa pamoja haiwezi kunyamaza, ni lazima mtu aanze wimbo ili hatua zilingane. Aliyeanza, bahati mbaya, alianza wa mazishi. Wanawake waliokuwa wanafua mtoni wakaona mlango, mtu amefunikwa, majoho na wimbo ule, wakaanza kulia. Kilio kikapanda ukingo mzima.

Baba akasikia. "Nani amekufa?" akauliza.

Shangazi akamwambia, "Wewe. Nyamaza, wanakulilia vizuri."

Wallahi, kama mama zetu wa Kiislamu wanavyosema, Baba alicheka. Kidogo, kwa pua. Mimi nilishindwa kucheka kwa sababu mikono ingetikisika.

Usa River

Kosta ilishuka kwa mwendo ambao sitausifia. Viti vya katikati wanakwaya walisimama ili mlango ukae kwenye njia. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, na kijana wa sauti nzito alinishika mabega nisianguke kwenye kona. Kila mara nilimwambia Baba, niambie jina la ng'ombe wako, na yeye anataja mmoja, kwa hasira. Nilitaka kujua kama bado yupo.

Hospitali sitaitaja. Ni kubwa, iko karibu na barabara ya Moshi, na walitutendea vizuri. Ila getini mlinzi alichungulia ndani ya Kosta akaona: gari limejaa watu wa harusi, mtu amelala chali, miguu juu, khanga kubwa imefunika kati, mwanamke amepiga magoti mikono ndani ya khanga, na bibi mmoja anasema, "Haraka, haraka, inatoka!". Mlinzi akafikiri anachofikiri mtu yeyote. Akaonyesha kushoto, na dereva akaenda kushoto.

Nesi alikuja mbio na kitanda cha magurudumu. Akainama upande wa kichwa. Akatazama. Akaniuliza kwa utulivu, "Mama, huyu wa kwenu ana ndevu?"

Ilibidi tuzunguke jengo zima. Pale nilikasirika, nakiri, na hasira haikuwa na kazi, maana mlinzi aliona kilichoonekana. Ile khanga ilimsitiri Baba njia nzima, na ndiyo ile iliyotupeleka wodi ya wazazi.

Chumba cha dharura tabibu aliniambia niachie, nikamwambia siachii mpaka uweke mkono wako. Akaweka. Nikataka kutoa viganja vyangu, vikakataa. Vidole vilikuwa vimekakamaa. Nesi yule aliyeuliza habari za ndevu, maana alikuja nasi, ndiye aliyevikunjua kimoja kimoja, ananiambia basi mama, basi, umefika.

Nilikaa kwenye benchi la nje na Shangazi. Kwaya ilikwenda harusini bila joho moja.

Baada ya muda tabibu alitoka. Alisema mshipa ulikatika kidogo, wameushona, mzee ameongezewa damu, mguu upo. Nikamwomba aniambie nilikosea wapi, kwa sababu nilijua nimekosea. Akaniangalia kama anaona aibu, lakini akasema. Nilitakiwa kumlaza na kumshikilia alale tangu mwanzo mpaka mwisho, asipate nafasi ya kukaa. Na ile nguo ya kwanza ningeisukuma ndani ya kidonda chenyewe, siyo kuiweka juu tu. Na kama damu ingeendelea kupita vitambaa, hapo ndipo ningefunga paja kwa nguvu kwa kitambaa kipana, juu zaidi ya kidonda, upande wa nyonga, na kukumbuka saa niliyofunga. Nawaandikia haya ili mkipatwa mfanye vizuri kuliko mimi. Halafu akasema, kubonyeza bila kuinua, hapo sikukosea.

Wodini, na kurudi Olasiti

Nilibaki Usa siku kadhaa kwa rafiki wa zamani wa shamba la maua. Mama mkwe alikuwa analeta mtori, ile supu ya ndizi, kwenye hotipoti, nami nauchukua mlangoni mwa wodi namkabidhi Shangazi. Ndani sikuingia. Godlisten alifika na lori lake, akamwona baba yake, akatoka nje akanishika mikono akaigeuza geuza.

Lakini maneno yalikuwa yameshapanda mlimani kabla yetu. Barabara nzima ilituona. Jumapili baada ya ibada walikuja wazee wa ukoo, wadogo zake Baba na mmoja mkubwa kwake. Walimpa pole, wakaona kidonda, wakasali. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango, karibu na ukuta. Ndipo yule mkubwa akauliza, siyo kwa ubaya, bali kama mtu anayetaka jambo likae mahali pake, ni nani aliyemshika Elisaria pajani kutoka mgombani mpaka hapa, na kwa ruhusa ya nani.

Niliona jibu ni langu. Nilikuwa nimeshapanga kuingia, kupiga magoti, kusema ni mimi, bila ruhusa ya mtu, na Baba alinikataza nikakataa kukatazwa. Huo ndio ukweli, na ningekubali lolote watakalosema.

Baba akatangulia.

"Ni mkwe wangu," akasema. "Kwa amri yangu. Nilimwambia, shika hapa, usiachie mpaka hospitali. Alitaka kukataa, nikamwamuru. Sasa mkwe anayekataa amri ya baba mkwe, huyo ni mkwe gani?"

Yule mkubwa akamgeukia Shangazi Naeli, kwa sababu alijua alikuwepo. Shangazi, ambaye pale darajani alisikia kila neno kama nilivyosikia mimi, alikuwa anapakua mtori. Hakuinua macho.

"Ndivyo," akasema. "Alimwamuru mbele yangu."

Basi wakasema, kama ni amri, ni amri. Wakaanza kuulizana habari za kahawa.

Mimi nilikuwa nimefungua mdomo. Mnanijua, mtu akikosea hata bei ya nyanya namrekebisha. Nikasogea hatua moja kizingitini. Baba aliniona. Aliniangalia usoni, na sikumbuki kama aliwahi. Akatikisa kichwa kidogo tu, kuniambia hapana. Safari hii nikatii.

Kurudi kwangu Olasiti hakuna cha kusimulia, nililala kwenye siti mpaka wakaniamsha. Lakini tangu siku ile nawaza. Yeye aliniambia nitoe mkono, nami nikakataa, na mkiniuliza mbele za Mungu hivyo ndivyo ilivyokuwa, ndiyo maana ninyi nimewaandikia ilivyokuwa. Ila mkipanda siku moja kumpa pole, mkamkuta na mguu wake juu ya kigoda, akaanza kuwaeleza jinsi alivyoniamuru nimshike, msimsahihishe. Itikieni. Mimi nilishaitikia.